Nota zote napiga sawa lakini inasikika kama mlio wa simu. Tachi ya piano inapatikanaje?

#1 Dada wa Tabata
Wakuu habari za jioni, naingia moja kwa moja.

Nina mwaka na miezi miwili najifundisha piano ya klasiko mwenyewe, sina mwalimu, natumia video na nota za bure za mtandaoni. Kinanda ni Yamaha cha kii 61, yaani vibonyezo 61, nilichukua mtumba Kariakoo. Nauza duka la dawa, natoka saa mbili usiku, kwa hiyo mazoezi ni saa nne mpaka saa tano na hedifoni masikioni maana ukuta wetu na jirani ni mmoja.

Kwa sasa napiga Minuet ya Bach ile ya G, na Prelude ya Chopin ya E maina, ile ya polepole ambayo mkono wa kushoto unarudiarudia kodi (nota kadhaa kwa mpigo mmoja) na wa kulia una nota ndefu tu. Juzi nikachomoa hedifoni nikampigia mdogo wangu wa kiume. Kasikiliza mpaka mwisho, akaniambia "dada hujakosea popote, ila kama mlio wa simu."

Sikulala vizuri. Kwa sababu najua anachosema. Nikiwasikiliza wanaoijua, ile nota ya kwanza ya mkono wa kulia inakuwa kama mtu anavuta pumzi anataka kusema kitu kizito akasita. Yangu inasema ti, ti, ti. Na nota ni zilezile, spidi ileile, nimeweka metronomu kabisa, ile ya kugonga mapigo sawasawa!

Naomba kujua hiyo tachi, yaani mguso unaoipa nota uhai, inakaa wapi. Kwenye vidole, kwenye kinanda, kwenye roho, au mtu anazaliwa nayo? Na mtu wa miaka 31 aliyejifunza peke yake bado anaweza kuipata?

#2 Mswahili Halisi
Ngoja waje wenye fani. Nimevuta kiti.

#3 Kijana wa Sinza
Tatizo ni kinanda dada, usijitese. Hizo kii 61 ni plastiki na springi, hazina uzito. Piano yenyewe ukibonyeza kii unanyanyua nyundo, kidole kinasikia mzigo. Mi nilipiga cha springi miaka mitatu, siku nimekaa kwenye cha kii 88 chenye kii nzito nilijiona sijui kitu, vidole vilichoka ndani ya dakika kumi. Uza hicho, jichange, tafuta cha kii nzito. Hakuna njia ya mkato.

Afu hiyo prelude mwishoni mkono wa kushoto unashuka chini kuliko kii 61 zinavyofika, sijui unafanyaje pale.

#4 Dada wa Tabata
@Kijana wa Sinza asante. Pale mwisho napandisha oktava, sina jinsi. Kuhusu kuuza na kununua kingine, mwaka huu haiwezekani, nina ada za mtoto. Nifanye nini na hikihiki?

#5 Fundi wa Gongo la Mboto
Nakubaliana na #3 nusu. Mi natengeneza vinanda, vingi vya makanisani, nimefungua vya kutosha.

Ndani ya kinanda cha umeme hakuna anayejua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Chini ya kila kii kuna migusano miwili, mmoja unagusa mapema mwingine unachelewa kidogo. Kinanda kinapima muda kati ya ule wa kwanza na wa pili, basi. Muda mfupi maana yake kidole kilikwenda kasi, sauti inakuwa kubwa. Muda mrefu, sauti ndogo. Hiyo kasi inaandikwa kwa namba mpaka 127, ni utaratibu wa MIDI, lugha ya vinanda vya umeme, wa tangu 1983 na mpaka leo vinanda vingi vinatumia huohuo.

Sasa swali langu kwako dada. Vinanda vingi vya kii 61 vina sehemu ya kuwasha na kuzima hiyo tachi kwenye menyu. Vya mtumba nakuta imezimwa mara kwa mara, hasa kikiwa kimetoka kanisani, maana wapigaji wa kwaya wanataka sauti moja iliyonyooka. Ikiwa imezimwa, ubembeleze kii au uipige ngumi ni ileile. Bonyeza nota moja taratibu sana kisha kwa nguvu. Zikifanana, umeteswa bure mwaka mzima na miezi miwili.

#6 Besi ya Nne
Fundi umeongea vizuri lakini huko ni kwenye waya. Mi mpiga kinanda wa kwaya, Kimara huku, mwaka wa kumi na tisa sasa. Dada, je ile melodi ya mkono wa kulia unaweza KUIIMBA? Sio kichwani, kwa mdomo, mtu wa chumba cha pili asikie. Kama huwezi kuiimba huwezi kuipiga. Ukiimba utajikuta unapumua mahali fulani, na pale unapopumua ndipo sentensi ya muziki inapoisha, na kabla ya kuisha sauti yako inashuka yenyewe bila kuambiwa na mtu. Vidole havina mapafu, vitapumua wapi kama wewe hupumui?

Sisi tuliokulia kwenye sol-fa, d r m, tulianza kuimba ndipo tukakaa kwenye kinanda. Vijana wa siku hizi mnaanza na kidole.

#7 Nota Nyeusi
Sahihisho dogo kwenye #1. Hiyo Minuet ya G sio ya Bach. Imo kwenye daftari la mke wake Anna Magdalena la 1725, ndio maana watu wakadhani ni yake, lakini mtunzi ni Christian Petzold. Ilikuja kujulikana miaka ya 1970. Vitabu vingi na video nyingi bado zinaandika Bach.

#8 Mswahili Halisi
@Nota Nyeusi hahaha mwaka mzima dada anamshukuru mtu ambaye hakutunga.

#9 Dada wa Tabata
@Nota Nyeusi daah, asante, nimejifunza.

@Fundi wa Gongo la Mboto nimetoka kujaribu sasa hivi. ZINAFANANA. Taratibu na kwa nguvu, sauti moja. Nimetafuta kwenye menyu nikaikuta imezimwa kweli. Nimeiwasha. Mikono inatetemeka, narudi.

#10 Kijana wa Sinza
Nilisema tatizo ni kinanda 😂 uzi ufungwe.

#11 Bibi Skeli
Usifungwe, tunaanza sasa. Kuiwasha kutamwonyesha ubaya ambao ulikuwa umefichwa, mtaona.

#12 Dada wa Tabata
Bibi Skeli umejuaje. Ni mbaya zaidi kuliko mwanzo! Nota moja inapiga kelele, inayofuata haisikiki kabisa, kidole cha nne ndio kama hakipo. Na kodi za kushoto zinaufunika mkono wa kulia wote. Yani kabla ilikuwa mlio wa simu, sasa ni mtu anaangusha sufuria ngazini.

#13 Bibi Skeli
Pole mwanangu, ila hiyo ndiyo sauti yako ya kweli, na sasa unaisikia. Mkono umejifunza mwaka mzima kwamba nguvu haina maana, utachukua muda kujifunza upya.

Mimi ni mtu mzima, nilifundishwa nikiwa binti mdogo, nami nikafundisha watoto miaka mingi pale Upanga. Anza hivi. Iache prelude wiki moja. Chukua nota tano tu, E, halafu F, G na A za kupandisha nusu yaani zile nyeusi tatu, halafu B. Vidole virefu vinakaa juu ya nyeusi, vifupi kwenye nyeupe. Hapo ndipo Chopin mwenyewe alipokuwa anawaanzishia wanafunzi wake mkono, hakuwaanzishia C ya nyeupe tupu kama wanavyoanza watu wote. Mkono wa binadamu umekaa hivyo. Na hakuamini kwamba vidole vyote vifanane nguvu. Kila kidole alikiachia tabia yake. Usipigane na kidole cha nne, kijue.

Kisha mkono uwe mzito kuanzia begani. Weka mkono wako mezani kama umelala, mtu akuinulie kiwiko akiachie. Ukianguka kama gunia, ndiyo hiyo. Ukibaki hewani, una ubishi begani, na ubishi huo unakwenda kwenye sauti. Tachi haitoki kwenye kidole. Kidole ni mlango tu, anayepita ni mkono.

#14 Mwalimu wa Fizikia
Shikamoo Bibi. Kwa heshima zote naomba nitofautiane, kwa sababu hili la mkono mzito linasemwa kama imani na watu wanaumia nalo.

Kwenye piano yenyewe ukibonyeza kii inashuka kama milimita 10 tu. Kabla haijafika chini, mtambo unaiachia nyundo. Kuanzia hapo nyundo inaruka yenyewe, haijui tena habari za kidole, kiwiko wala bega lako. Inagonga uzi na kurudi. Kwa hiyo kwa nota moja iliyo peke yake kitu pekee unachoweza kuipa nyundo ni kasi. Kasi tu! Otto Ortmann wa kule Baltimore aliyapima haya akayatolea kitabu mwaka 1925. Upige kwa kidole, kwa mkono mzima, kwa mwiko wa ugali, kasi ikiwa moja nyundo itagonga vilevile.

Tunachoita tachi ni vitu viwili, kasi na muda. Ipi kubwa ipi ndogo, ipi mapema ipi imechelewa, na umeiachia lini. Huo ndio utajiri wote. Mengine ni mashairi.

#15 Besi ya Nne
Mwalimu wewe umewahi kulia kwa sababu ya fomula?

#16 Mwalimu wa Fizikia
@Besi ya Nne nimelia kwa sababu ya muziki mara nyingi tu, ndio maana nataka kujua unafanyaje kazi.

#17 Bibi Skeli
Marhaba mwanangu @Mwalimu wa Fizikia. Nyundo inaruka, sikatai, nilishaonyeshwa na fundi piano ikiwa wazi. Lakini hiyo kasi inatoka wapi? Mtu aliyekaza bega hawezi kuchagua kasi ishirini tofauti, anazo mbili tu, kimya na kelele. Aliyelegea anazo nyingi. Wewe umeeleza kinachotokea ndani ya sanduku, mimi naeleza kinachotokea kwa mtoto aliyekaa mbele ya sanduku.

Na kuna kitu hujasema. Kidole kikitoka juu kikaipiga kii, kuna "tok" ya kidole kwenye kii inayotangulia sauti ya uzi. Kidole kikianzia kimelala juu ya kii, hiyo tok haipo. Msikivu anaisikia kama ukali hata asipojua ni nini.

#18 Mwalimu wa Fizikia
Hiyo tok ipo kweli, imepimwa pia. Nakubali hapo. Ila sio nyundo na sio uzi, ni mlio wa mbao.

#19 Bibi Skeli
Na anayesikiliza analipia tiketi mbili, ya uzi na ya mbao?

#20 Mswahili Halisi
Bibi kamaliza 🙌

#21 Ferry Saa Kumi na Mbili
Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye pantoni. Mi naona mnamzungusha dada. Hedifoni! Hakuna aliyegusa hedifoni. Anafanya mazoezi na sauti ipo katikati ya kichwa, karibu mno, mkono wa kushoto na wa kulia unausikia vizuri yeye. Anayekaa mita tatu hasikii hivyo. Mi nilikuwa hivyohivyo mpaka nikaanza kujirekodi kwa simu, simu naiweka kule mlangoni. Rekodi ya kwanza niliifuta kabla haijaisha. Ya kumi nikaanza kusikia kwamba kumbe nakimbiza kila nikifika pagumu.

Jirekodi dada. Sikio lako likiwa linapiga halisikilizi.

#22 Nota Nyeusi
Naunga mkono #21, ila sababu nadhani ni nyingine. Hii prelude yenyewe ndiyo ngumu, watu wanadhani ni nyepesi kwa kuwa ina nota chache. Angalia, mkono wa kulia una B inakaa mapigo matatu, C pigo moja, unarudi B. Huku kushoto kuna kodi nane kila kipimo, yaani kila kifungu cha mapigo manne. Ukiweka nguvu sawa mikono yote, kodi nane za nota tatutatu dhidi ya nota moja, hesabu imeshakataa. Kushoto inabidi iwe chini sana kuliko unavyodhani.

Afu kuna jambo la pili ambalo mimi lilinifungua macho. Nota ya piano ikishapigwa inaanza kufa palepale, huwezi kuiongezea kitu kama muimbaji au filimbi. Hiyo B ikikaa mapigo matatu, likifika pigo la nne sauti yake imeshapungua sana. Wewe ukiipiga C kwa ukubwa ulioanza nao B, sikio linasikia mtu kagutuka. Ti. Ndio hiyo ti yako. Inabidi uisikilize B mpaka ilipofikia, ndipo uiweke C palepale ilipo B, ukubwa uleule wa mwisho. Sio wa mwanzo. Ukiweza hapo zinaungana, inakuwa kama neno moja.

Mimi nilikaa wiki mbili na hizo nota mbili tu. B, C. B, C. Mke wangu akaniuliza kama nimekwama.

#23 Dada wa Tabata
@Nota Nyeusi nimeisoma mara tatu hii. Hakuna video hata moja iliyoniambia hivi. Leo usiku ni B na C.

#24 Besi ya Nne
Hapo Nota Nyeusi kasema kile nilichosema mimi #6, kwa maneno mengi. Muimbaji hafiki kwenye nota ya pili kwa kushtuka.

#25 Fundi wa Gongo la Mboto
Narudi kwenye kodi za kushoto, kuna jambo la kifundi hapo. Piano kubwa zina mtambo wa kurudia nota bila kuiachia kii ipande mpaka juu, aliubuni Érard, mtengeneza piano wa Paris, ukasajiliwa mwaka 1821. Kwa hiyo mpigaji wa piano kubwa anaweza kukaa chini kwenye kii anazitikisa kidogo tu, kodi zinatoka laini. Kinanda cha migusano miwili lazima kii ipande ipite mgusano wa juu ndipo ikubali kulia tena, ukijaribu kukaa chini nota zinaruka, hazitoki. Vile vyenye migusano mitatu vinajitahidi. Kwa hiyo dada akiona kodi zinagoma asijilaumu, aiache kii ipande lakini kidole kisitoke juu yake.

#26 Kijana wa Sinza
@Fundi kwa hiyo tunarudi kulekule, tatizo kinanda.

#27 Fundi wa Gongo la Mboto
Tatizo kinanda robo. Nimeona mafundi wa muziki wanatoa mambo kwenye vinanda ambavyo mimi nilikuwa nimevitoa uhai.

#28 Mpenda Taarabu
Samahani naingilia. Mimi wa kanuni na udi, ala za nyuzi za taarabu, sio piano. Mnaongelea tachi kana kwamba ni ya Wazungu. Kwenye kanuni uzi unaukwanyua kwa mkono wako mwenyewe na huyo mwalimu akija na kasi yake tutamweleza. Mnaoanza na kinanda cha umeme hamjawahi kugusa uzi hata mara moja maishani. Dada, nenda hata pale mtu anapopiga udi, omba ushike, kwanyua uzi mmoja taratibu, kisha kwa nguvu. Utaelewa ndani ya dakika moja kitu ambacho watu wanabishana hapa siku tatu.

#29 Nota Nyeusi
@Mpenda Taarabu na ndio historia yenyewe ilivyo. Kabla ya piano kulikuwa na kinanda kinachokwanyua nyuzi, lakini kwa mtambo, kwa hiyo ubonyeze vipi sauti ukubwa ni mmoja. Cristofori wa Florence, Italia, kwenye mwaka 1700 hivi akaweka nyundo badala ya kikwanyulio, ili kidole kiamue. Ndio maana jina kamili lilikuwa la laini na kubwa, piano e forte. Chombo kizima kilibuniwa kwa ajili ya hili swali la dada.

#30 Bibi Skeli
Naam!

#31 Mkimya wa Mbezi
Kodi nane kila kipimo, hapa TRA wakisoma uzi huu dada kwisha.

#32 Besi ya Nne
Nataka kurudi kwenye alichogusa Fundi kule #5, kwamba sisi wa makanisani tunazima tachi. Kweli tunazima. Kwenye ogani ukibonyeza polepole au kwa nguvu sauti ni ileile, na ukiachia inakatika palepale. Lakini msifikiri ogani haina hisia. Sisi tunatumia NAFASI. Nota unayotaka isikike unaitengea kaupenyo kabla yake, unaachia ya nyuma mapema kidogo tu, sikio linainuka. Au unaichelewesha. Kwaya nzima inajua tunaingia wapi kwa kaupenyo hako.

Kwa hiyo hata dada angebaki na tachi imezimwa, angeweza kuiondoa sauti ile ya simu. Metronomu ndiyo iliyomuua. Mtu anavuta pumzi kwa metronomu?

#33 Kijana wa Sinza
Mkuu prelude ya Chopin kwa ogani? Hapo umetuacha.

#34 Nota Nyeusi
@Kijana wa Sinza kwenye mazishi ya Chopin, Paris, Oktoba 1849, kanisa la Madeleine, prelude hiihii ya E maina ilipigwa kwa ogani.

#35 Besi ya Nne
😌

#36 Kijana wa Sinza
Sawa, nimekaa.

#37 Bibi Skeli
Lakini @Besi ya Nne usimtupie metronomu nje kabisa, ataanza kuyumba kama daladala la Mbagala. Wanafunzi wa Chopin wameeleza kwamba mkono wa kushoto aliuita mwongoza kwaya, unatunza mwendo, wa kulia ndio unaruhusiwa kuchelewa na kuwahi kidogo. Kushoto kutulie. Metronomu aitumie mara moja kwa siku kujipima, kisha aizime.

#38 Mama Ally
Mnaongea vizuri jamani ila naomba niseme la mwili. Dada anafanya kazi kasimama kutwa, usiku anakaa kupiga. Mimi nilijilazimisha hivyo, mazoezi ya kuimarisha vidole saa mbili kila siku, nikaambiwa na mtu mmoja aliyejiita mwalimu kwamba maumivu ni kawaida, kaza. Kifundo cha mkono kilinishika miezi mitano, hata chapati nilikuwa sisukumi. Maumivu sio kawaida. Mtunzi Robert Schumann mwenyewe aliharibikiwa kidole cha mkono wa kulia akiwa kijana akaacha ndoto ya kuwa mpigaji, chanzo wanabishana mpaka leo, na mojawapo ya wanavyosema ni kile kifaa alichokuwa anafungia kidole kukiimarisha. Ukisikia moto mkononi, simama.

#39 Dada wa Tabata
@Mama Ally pole sana dada yangu. Kifundo cha kulia huwa kinawaka nikifika katikati pale panapopanda sauti, nilidhani ni ugeni. Nitaangalia urefu wa kiti, nakalia ndoo iliyofunikwa na mto na nadhani niko chini mno.

#40 Bibi Skeli
Uko chini mno. Kiwiko kiwe usawa wa kii au juu yake kidogo. Ongeza mto.

#41 Mrithi wa Upanga
Habarini. Nimeupata uzi huu nikitafuta kitu kingine. Babu ametuachia piano yenyewe, ya mbao, ya kusimama, haijapigwa zaidi ya miaka ishirini. Kii nyingine zikishuka hazipandi, nyingine zinatoa sauti mbili kwa mpigo. Dada anatafuta tachi, mimi ninayo sebuleni imeoza. Inafaa kutengenezwa?

#42 Fundi wa Gongo la Mboto
Hiyo sio fani yangu moja kwa moja lakini kii kutopanda hapa Dar mara nyingi ni unyevu, mbao na vitambaa vinavimba kwenye viungo. Sauti mbili ni nyuzi za nota moja zimeachana, nota za katikati na juu zina nyuzi tatutatu. Angalia pia nyundo, ni za sufu iliyoshindiliwa, nondo wanaila. Na mchwa miguuni. USIJARIBU kukaza nyuzi mwenyewe, zote pamoja zimevuta fremu kwa tani nyingi, uzi ukikukatikia usoni umeumia.

#43 Bibi Skeli
Na iondoe ukutani upande wa bahari. Yetu tulikuwa tunaacha taa ndogo imewaka ndani yake msimu wa masika, joto kidogo tu. Ilitusaidia. Usiiuze kwa mtu wa mbao, tafadhali. Nimeona piano nzuri ikigeuzwa kabati la vyombo, sikuweza kula siku hiyo.

#44 Mrithi wa Upanga
Siuzi Bibi. Nimeigusa nota moja iliyobaki nzima nikakaa kama dakika nzima naisikiliza inavyoisha. Namwelewa @Nota Nyeusi sasa.

#45 Dada wa Tabata
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita.

Nilichofanya: tachi imewashwa, kiti kimepanda, hedifoni nachomoa Jumapili mchana jirani akiwa kanisani. B na C nilikaa nazo siku tisa. Nikaziimba kwanza kama alivyosema @Besi ya Nne, nikagundua kwamba nikiimba navuta pumzi kabla ya B ya kwanza kabisa, kabla sijapiga kitu chochote. Sasa nafanya hivyo hata nikipiga. Kushoto nimeshusha mpaka nikahisi sipigi kabisa, nikijirekodi kumbe ndio inatosha kabisa.

Jana nikampigia tena mdogo wangu. Hakusema kitu. Akaenda kuchota maji, akarudi akasema "pale mwanzo, rudia." Vipimo vinne vya kwanza tu ndivyo vinasikika hivyo, baada ya hapo inarudi kuwa simu. Lakini vile vinne, jamani, ni vyangu.

#46 Besi ya Nne
Pumzi hiyo! Nilisema mimi.

#47 Fundi wa Gongo la Mboto
Bila kuiwasha ile menyu angevuta pumzi mpaka leo.

#48 Mwalimu wa Fizikia
Kasi na muda. Dada kajifunza kuchagua kasi za kushoto na muda wa kulia. Hongera sana kwa kweli, siku tisa kwa nota mbili ni kazi.

#49 Bibi Skeli
Kiti kimepanda, bega limeshuka. Hongera mwanangu. Mbele ya hapo kodi ya kushoto mara nyingi inabadilika nota moja tu ndani yake, tafuta ni kidole gani kimeibeba, kisikie hicho peke yake.

#50 Kijana wa Sinza
Hongera dada. Siku ukikaa kwenye kii nzito utakuja kunishukuru.

#51 Dogo wa Chanika
Wakubwa shikamooni. Nimesoma mwanzo mpaka mwisho. Mimi nina miaka 17, nimepewa kinanda cha zamani cha Casio cha kii 49, hakina hiyo menyu ya tachi kabisa, na hakikuja na waya wake ila kuna adapta ya Yamaha ya binamu yangu inaingia vizuri tu kwenye tundu. Naweza kuanza nacho?

#52 Besi ya Nne
Anza mdogo wangu. Imba kwanza.

#53 Fundi wa Gongo la Mboto
DOGO USICHOMEKE. Casio nyingi za zamani ni volti 9 na hasi iko katikati ya kichwa, Yamaha ni volti 12 na chanya ndio katikati. Kuingia kwenye tundu sio kukubaliana. Nimezika vinanda vingi kwa kosa hilohilo. Geuza kinanda chini, kuna kialama cha duara chenye plasi na mainasi, kipige picha ukiweke hapa kabla hujafanya chochote.

#54 Dogo wa Chanika
Sawa fundi. Nasubiri kupambazuke, umeme umekatika.